Kabla ya sindano ya jenta, mama aulizwe kuhusu ukoo wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongezee jambo kwenye makala mliyoitoa juu ya watu wanaojinunulia antibayotiki na kudungwa sindano mitaani. Mlieleza habari ya usugu wa vimelea, na mlieleza vizuri. Lakini miongoni mwa sindano hizo kuna kundi moja linalodhuru masikio, na kwa watu wenye urithi fulani waliotoka nao kwa mama zao, dozi ya kawaida kabisa inaweza kuwaacha viziwi. Nazungumzia jentamaisini, ambayo manesi wetu huiita jenta, pamoja na streptomaisini, kanamaisini na amikasini. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tabora, na jambo hili limeingia nyumbani kwetu.

Nitangulize neno, asije mama akasoma barua hii kisha akakataa mwanawe asitibiwe. Jentamaisini inaokoa maisha. Kichanga mwenye maambukizi kwenye damu anaweza kufariki ndani ya siku moja, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza ampisilini na jentamaisini ziwe tiba yake ya kwanza. Siombi dawa hii iondolewe popote. Naomba mama aulizwe swali moja, kama kwao wapo waliopoteza usikivu, na aulizwe mapema, wakati bado kuna nafasi ya kufikiri.

Sababu ya swali hilo iko ndani ya mitokondria, vile vijisehemu vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati yake. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano ukiwauliza kazi ya mitokondria wanajibu kwa pamoja: kutengeneza ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ya seli. Ni kweli, na mtihani hauwadai zaidi ya hapo. Kinachopitwa haraka ni kwamba mitokondria zina vinasaba vyake, mbali na vile vya kiini cha seli. Ni vichache mno: ukiviandika kwa zile herufi nne za urithi, A, C, G na T, ni herufi 16,569, ambazo watafiti wa Cambridge, Uingereza, walizichapisha zote mwaka 1981. Humo mna jeni 37, na kati ya hizo ni 13 tu zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Protini nyingine zote zinazofanya kazi ndani ya mitokondria, na ni zaidi ya elfu moja, hutengenezwa nje kwa maelekezo ya kiini, kisha zikaingizwa ndani kupitia milango maalumu kwenye utando wake.

Hapo ndipo penye kazi ngumu. Kiungo cha kwanza cha mnyororo unaotengeneza nishati kina protini zaidi ya 40, na saba kati yake zinatokana na maelekezo ya mitokondria yenyewe. Hebu fikiria fremu ya mninga inayochongwa Urambo na mlango wake unaochongwa Tabora mjini: vipimo vikitofautiana hata kidogo, mlango haufungi. Kwa hiyo seli inalazimika kudhibiti kiasi na ubora pande zote mbili. Zipo protini ambazo kazi yake ni kusaidia nyingine zijikunje sawasawa, na vipo vimeng'enya vinavyozikata zilizoharibika na zilizobaki bila mwenzake. Mitokondria ikichakaa kabisa, protini iitwayo PINK1 hujikusanya juu yake na kuiita nyingine iitwayo Parkin, nayo huiwekea alama ili imeng'enywe. Jeni za protini hizo mbili zikiharibika, mtu anaweza kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, angali kijana. Ya Parkin iligunduliwa mwaka 1998 na ya PINK1 mwaka 2004. Ikipungua protini nyingine, fratakisini, mtoto hupata ataksia ya Friedreich, akaanza kuyumba katika kutembea, na moyo nao ukadhurika. Magonjwa ya namna hii ni mengi na nafasi yako ni ndogo, kwa hiyo narudi kwenye sikio.

Mitokondria zina asili ya bakteria walioingia ndani ya seli za kale mno, na mpaka leo ribosomu zake, yaani mitambo inayosoma maelekezo na kuunganisha protini, zinafanana na za bakteria kuliko zinavyofanana na ribosomu zetu nyingine. Jentamaisini na wenzake huua bakteria kwa kunasa kwenye ribosomu zake na kuzifanya zisome vibaya. Mitokondria za watu wengi hunusurika kwa sababu umbo la mahali pale lina tofauti ndogo. Sasa, kuna watu ambao herufi ya 1555 kwenye vinasaba vya mitokondria zao, ambayo kwa wengi wetu ni A, kwao ni G. Badiliko hili liliripotiwa mwaka 1993. Herufi hiyo moja inatosha kuifanya ribosomu ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria, na dawa iliyokusudiwa kimelea ikapata pa kunasa ndani ya seli ya mgonjwa. Zile protini 13 zinaanza kutoka na makosa, vimeng'enya vya usafi vinalemewa, na seli inaishiwa nguvu.

Wa kwanza kuumia ni seli za vinyweleo katika sikio la ndani. Kila sikio lina seli hizo zipatazo 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zinahitaji nishati kwa wingi muda wote. Tena dawa hizi huingia ndani yake na kukawia humo baada ya kwisha kwenye damu, ndiyo maana mtu huweza kumaliza dozi, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha usikivu ukaendelea kushuka. Sauti nyembamba hutangulia kupotea: ndege, kengele, herufi kama "s" na "f" katika maneno.

Niseme na hili, kwa sababu wenzangu walimu wataniuliza. Mwenye herufi hiyo si lazima awe kiziwi. Wapo wanaopoteza usikivu bila kuguswa na sindano yoyote, na wapo wanaozeeka wakisikia vizuri. Sehemu ya tofauti hiyo inatoka kwenye jeni za kiini zinazosaidia ribosomu ya mitokondria kufanya kazi. Mojawapo, TRMU, iliripotiwa mwaka 2006. Vilevile, sindano hizi zinaweza kuharibu masikio ya mtu yeyote asiye na urithi huo kama dozi ni kubwa, kama siku zimezidi, au kama figo ni dhaifu na dawa haitoki mwilini. Kwa hiyo anayedungwa jenta dukani bila kupimwa uzito wala kuulizwa habari ya figo yuko hatarini hata kama ukoo wake ni mzima.

Mitokondria tunazipata kwa mama peke yake. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume. Wa kike huwapa wanawe; wa kiume anabaki nazo, haendi nazo popote. Lieleze hilo kwa chaki ubaoni, ni somo la nusu saa. Mimi nililiona katika ukoo wetu.

Mjomba wangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli, kwenye magenge yaliyokuwa yakikagua mataruma na kukaza nati kati ya Tabora na Kaliua. Miaka ya 80 alipata kifua kikuu. Nchi yetu ilikuwa na mpango wa taifa wa kifua kikuu ulioanza mwaka 1977, ambao mtaalamu wa kifua kikuu, Dkt. Karel Styblo, aliushauri, na uliokuja kuigwa duniani kote. Mgonjwa alidungwa streptomaisini kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo. Mjomba hakukosa hata siku moja, maana alikuwa mtu wa nidhamu, na kifua kilipona. Masikio yalianza kwa kupiga miluzi, kisha yakazimika. Mtu asiyesikia honi ya treni hawezi kuachwa akafanya kazi katikati ya reli. Aliondolewa, akarudi Urambo kulima tumbaku, na kuanzia hapo sisi watoto tulizoea kumzunguka hadi mbele ndipo tumsalimie, na yeye akitazama midomo yetu kabla ya kuitikia marahaba.

Baadaye mama mdogo alipata homa kali baada ya kujifungua, akachomwa sindano siku kadhaa. Alipona. Naye miluzi ilimwanza masikioni, na leo ukimwita kutoka jikoni haitiki. Kisha ikaja zamu ya mjukuu wake. Mtoto alizaliwa njiti, akapata maambukizi, akapewa jenta, akaishi. Namshukuru Mungu na nawashukuru waliomhudumia, maana watoto kama yule wengi hatuwapati. Ila nyumba yao iko karibu na reli, na siku moja tukiwa tumekaa uani treni ya mizigo ilipita ikapiga honi ndefu kwenye kivuko. Kuku walikimbia. Mtoto wa jirani aliziba masikio akalia. Yeye alikuwa amechuchumaa akipanga vizibo vya soda kwenye mchanga, chekundu, cheupe, chekundu, na mkono wake haukusita hata kidogo. Mama yake alimtazama, halafu akanitazama mimi.

Mama yake huyo alikuwa amejaribu kusema. Alipokuwa wodini na mwanawe alimwambia mhudumu kwamba kwao wapo waliopoteza masikio baada ya sindano. Alijibiwa kuwa hayo hayahusiani, asisikilize maneno ya mtaani. Sitataja kituo, kwa sababu najua wodi ile ilivyokuwa imejaa usiku ule, na najua kwamba hakuna fomu iliyomtaka mhudumu yule auandike ushahidi aliopewa. Aliusikia, ukapita. Mtoto aliporuhusiwa hakuna aliyemwandikia arudi kupimwa usikivu.

Nilikaa na mama yangu chini ya mwembe wetu hapa Isevya, tukauchora ukoo wa bibi mzaa mama kwenye daftari la mistari. Nilimwekea duara kila aliyepoteza usikivu. Maduara yakashuka kupitia kwa wanawake. Watoto wa mjomba hawakuwa na duara hata moja, ingawa mmoja wao alidungwa jenta kwa wiki nzima alipokatwa na panga mguuni. Familia yetu haijapimwa vinasaba, hivyo sidai kwamba nimethibitisha. Lakini daktari yeyote akioneshwa ukurasa ule angesita kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano, na kusita huko ndiko ninakokuomba wewe Mhariri ukupe nafasi gazetini.

Kuna jambo jingine lililotokana na maduara hayo, nami nalisema kwa uchungu. Uziwi unaopita kwa wanawake, ukimgusa mtoto wa binti huyu na wa binti yule huku watoto wa kaka zao wakiachwa, unawapa watu la kusema. Walisema juu ya bibi. Walisema anakula masikio ya wajukuu. Wanaoishi Tabora na Shinyanga wanajua maneno ya namna hiyo yanavyoishia: vikongwe wameuawa katika mikoa yetu kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu ya moshi wa kuni. Bibi alifariki kwa uzee, kitandani kwake, lakini miaka yake ya mwisho hakualikwa kwenye arusi za majirani, na akipita kisimani akina mama walivuta watoto wao karibu. Alikuwa anajua wanachosema, maana yeye alikuwa anasikia vizuri.

Wenzetu wamefika wapi? Kwa kifua kikuu sugu, Afrika ya Kusini ilitangaza mwaka 2018 kuacha sindano na kutumia vidonge vya bedakwilini, na uziwi wa wagonjwa ulikuwa mojawapo ya sababu kubwa. Shirika la Afya Duniani nalo likaacha kupendekeza kanamaisini. Napenda kuwasimulia wanafunzi habari ya bedakwilini, kwa kuwa dawa hiyo huzuia kimeng'enya cha kutengeneza ATP cha kimelea cha kifua kikuu: safari hii mtambo wa nishati unaolengwa ni wa adui. Na huko Manchester, Uingereza, walijaribu kipimo cha haraka kwa vichanga waliolazwa: pamba inapitishwa ndani ya shavu, na baada ya dakika 26 mashine inasema kama herufi ya 1555 ni A au G. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Watoto watatu walikutwa na badiliko lile, wakapewa antibayotiki nyingine.

Tuipate mashine hiyo siku moja, na naomba wanaopanga bajeti za hospitali za rufaa waipigie hesabu. Ila hata bila mashine tuna kitu ambacho hakihitaji umeme. Mtoto na mama wana mitokondria zilezile. Maana yake ni kwamba swali linalomhusu kichanga anayeweza kuugua usiku wa manane linaweza kuulizwa miezi kadhaa kabla hajazaliwa, mchana, mama akiwa mzima, kwenye hudhurio lake la kwanza la kliniki. Pale wanampima damu, shinikizo la damu na uzito, wanamuuliza mimba zilizotangulia, kisukari na upasuaji. Waongeze: je, wewe, mama yako, bibi yako mzaa mama, wajomba, mama wadogo au ndugu zako wa tumbo moja, kuna aliyepungukiwa usikivu baada ya kudungwa sindano, au bila sababu inayojulikana? Jibu likiwa ndiyo, liandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya kadi. Mtoto akiugua, daktari ataamua kwa kujua: pengine iko dawa nyingine inayofaa, kama seftriaksoni, pengine haipo na jenta ndiyo itakayomwokoa, basi apewe, kwa siku chache iwezekanavyo, na masikio yapimwe baadaye. Swali hilohilo liulizwe kliniki za kifua kikuu na kabla ya sindano yoyote ya kundi hili kwa mtu mzima.

Swali hili halitamnasa kila mwenye badiliko. Wapo ambao ukoo wao haujawahi kudungwa, kwa hiyo haujaonesha dalili. Wapo pia wasiojua habari za upande wa mama, na kwetu Unyamwezini hao ni wengi, kwa sababu tunakua tukifundishwa ukoo wa baba, nani alimzaa nani hadi vizazi vya nyuma, wakati dada zao bibi waliolewa wakatawanyika kufuata reli, huyu Kaliua, huyu Uvinza, huyu Mpanda, na habari zao zikafika msibani tu. Ilitubidi tumpigie simu dada yake bibi aliyeko Kigoma ndipo tukajua kwamba dada yao mwingine, ambaye sasa ni marehemu, naye alikuwa hasikii. Kwa hiyo nawaomba wasomaji, hasa wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, wawaulize mama zao sasa, wazee wangali hai, na waandike.

Kuhusu kupimwa usikivu, nafahamu kwamba vifaa ni vichache na wataalamu wa masikio ni wachache zaidi. Tabora, hata hivyo, si mji wa kuanzia sifuri. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilianzishwa hapahapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na mji huu una watu waliokaa na watoto wasiosikia miaka yote hiyo, wanaojua lugha ya alama na wanaojua dalili za mapema. Waitwe wakae meza moja na wakunga wa wodi za vichanga. Mtoto aliyegundulika kabla ya kutimiza mwaka anaanza kujifunza lugha ya alama wakati ubongo wake unaipokea kwa urahisi. Wa kwetu aligundulika kwa honi ya treni, akiwa ameshachelewa, na ninachokiona sasa akijifunza ishara ya "maji" na ya "bibi" ni bidii ambayo ingekuwa nyepesi kwake kama tungeambiwa mapema.

Namwomba Mganga Mkuu wa Mkoa, kama gazeti hili linamfikia mezani, atujibu kupitia ukurasa huuhuu iwapo swali hilo linaweza kuanza kuulizwa katika kliniki za Manispaa na za Urambo bila kungoja kadi mpya zichapwe kutoka Dodoma. Kadi ya sasa ina nafasi ya maelezo mengineyo. Nakala ya ule ukurasa wa daftari, majina yakiwa yamefutwa, niko tayari kuipeleka ofisini kwake wakati wowote atakaopanga.

Mwalimu wa baiolojia,
Isevya, Tabora